Kufunga kwa Mama Faraja

Kipande kile cha turubai kilikatwa kwa mkasi wa Maliro mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma Kasika kuliko yote. Ulikuwa mkasi wa fundi cherehani, wa kukatia suti za watu na kanzu za mapadri. Wageni wanne walikuwa wamepita nyumbani kwao Bungulu, mjini Beni, Jumapili baada ya misa. Kasika aliketi nao, akapiga chafya mara moja tu, na alipoinuka kwenda kuongeza chai, kiti kilibaki na alama ya majimaji yenye upana wa sahani. Wifi yake Mbambu, dada wa Maliro, ndiye aliyeiona kwanza. Mbambu ni mtu wa kuona. Alichukua kitambaa akapangusa kiti huku akitabasamu, polepole, mpaka wageni wote wakajua kinachopanguswa.

Walipoondoka alimgeukia kaka yake.

"Ile bâche ya bakimbizi iko wapi? Kata kipande, tuweke ku kiti ya Mama Faraja."

Maliro alikata. Alitoa mraba safi wa turubai, pembe zimenyooka, akautandika kitini bila kumtazama mkewe.

"Ni juu ya viti tu," alisema. "Unajua viti ni vya bei."

"Na miye?" Kasika aliuliza. "Miye niko wa bei gani?"

Maliro alirudi kwenye cherehani yake barazani. Ndivyo alivyo, akikosa jibu, anashona.

Mbambu alikuwa bado na neno. Faraja, kitindamimba wa Kasika na Maliro, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Ésaïe, na mbuzi wa mahari wangepokelewa wiki ya pili baada ya Pasaka. Wangepokelewa Butembo, kwa Kambere, kaka mkubwa wa Maliro, maana Beni ya mwaka ule wa 2003 haikuwa mahali pa sherehe: kila wiki risasi zilisikika upande wa Eringeti, na wakimbizi wa Ituri walilala hadi kwenye veranda za shule. Siku kama hiyo mama wa binti huketi mbele kutwa nzima, macho ya koo mbili juu yake, na mwisho hukabidhiwa kamba ya mbuzi wa mama, yule anayetolewa kwa ajili ya tumbo lililobeba.

"Siku nzima mbele ya bakwe!" Mbambu alisema. "Atatuhaibisha. Miye shangazi nitaikala pale. Mama Faraja atabakia mu cuisine, ku sufuria, na bengine."

Kasika alikuwa na miaka hamsini na saba. Alikuwa amezaa mara tisa na kuzika mara mbili, na ulikuwa mwaka wa saba tangu damu ya mwezi imwache. Hakuna kiti alichowahi kukitaka duniani isipokuwa kile cha Butembo. Alisimama na birika mkononi akangoja mumewe aseme kitu, na kutoka barazani ikaja sauti ya cherehani.

Katika chumba cha nyuma aliishi mkimbizi mmoja, Joyeuse, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Alikuwa ameteremka na umati kutoka Ituri, amevaa viatu visivyofanana, na huko alikotoka alikuwa kiné wa hospitali, yaani mtu wa kunyoosha viungo na kufundisha misuli upya. Hospitali ilikuwa imechomwa, na diploma yake ndani yake. Maliro alimpa chumba kwa sababu Padri aliomba kanisani, na Maliro hapendi kukataa mbele ya watu.

Jumanne Kasika alimfuata alipokuwa anafua uani. Alizunguka kwanza na habari za sabuni na mvua, kisha akalitoa.

"Joyeuse, mwanangu, kama mutu... kama mukojo inamutoka mutu bila yeye kutaka, weye ulikuwa unafanya nini kule?"

Joyeuse hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza maswali mawili matatu, jinsi mtu anavyouliza bei ya nyanya: inatoka ukicheka, ukiinua mzigo? Watoto wangapi? Damu ya mwezi ilikatika lini? Kisha akasema, "Mama, unapashwa kufunga. Funga, achia, funga, achia. Kila siku, usichoke. Wiki sita, utaona."

Wakati huohuo Maliro akatokeza kutafuta makaa ya pasi. Kasika akaona haya mpaka masikioni.

"Nimesikia, nimesikia," akasema, akakimbilia jikoni.

Alikuwa amesikia, ndiyo. Tatizo ni kwamba siku iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu, Kwaresima inaanza, na mwambie mama Mkatoliki wa Beni "ufunge" siku ya namna hiyo uone ataelewa nini.

Kasika alifunga. Siku moja hakula tangu jua kuchomoza hadi kuzama, siku ya pili akala. Akafunga tena, akaachia tena, sawasawa na alivyoagizwa. Na kwa kuwa alikuwa na akili zake, aliongeza dawa ya kwake: aliacha kunywa maji, kwani kisichoingia kitatoka vipi? Maliro aliliona hilo akalisifu kwa majirani. Padri alimshika mkono mlangoni mwa kanisa akamwita mfano kwa kina mama. Mikojo ikaendelea kutoka vilevile, ila sasa ikawa ya njano, michache, na yenye kuchoma.

Siku ya kumi na mbili alianguka akitoka kwenye mashine ya kusagia, beseni la unga wa mihogo likamwagika juu yake. Alirudishwa nyumbani mweupe kwa unga kama aliyefukuliwa kaburini. Joyeuse alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe.

"Nani alikuambia usikule?"

"Weye!"

"Miye?"

"Weye mwenyewe! Ulisema nifunge. Funga, achia. Leo nafunga, kesho naachia. Nimefanya vyote, na bado nalowana!"

Joyeuse alimtazama. Midomo ikamtetemeka, akajaribu kuizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote katika nyumba ile kusikia kicheko chake. Kasika alikasirika sana. Kisha akajiona na unga wake, naye kikamtoka kicheko, na mara akashika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Ona sasa! Inatoka!"

"Pale!" Joyeuse alipiga kelele. "Pale panatoka, njo pa kufunga! Hapana kinywa, mama! Chini!"

Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Sikia. Uko mu kanisa. Padri ananyanyua ostia, kimya kabisa. Na maharage ya jana inataka kutoka na sauti. Unafanya nini?"

"Haki ya Mungu... nakaza."

"Kaza pale. Kisha uvute kwenda mbele na juu, sawa vile unakatisha mukojo katikati. Usikaze matako. Usizuie pumuzi. Hesabu tano. Sasa achia yote, hesabu tano tena. Umesikia kitu imepanda?"

"Kidogo. Kama imechoka."

"Imechoka, ndiyo. Damu ya mwezi ikishakatika, nyama ya ndani inakonda. Batoto tisa balipita pale, na miaka makumi ine ya beseni ya mihogo juu yake. Haiko mapepo, na haiko mwisho yako. Ni nyama, na nyama inafundishwa. Mara kumi asubuhi, mara kumi saa sita, mara kumi mangaribi. Mbele ya kukohoa, funga. Mbele ya kuinua beseni, funga. Na unywe maji, mama, nakuomba!"

"Njo vile tu?"

"Njo vile tu. Mais kila siku, usiache hata moja."

Kasika alilala akitazama dari. Siku kumi na mbili za njaa, na Padri amemsifu bure.

Basi akaanza kufunga upya, safari hii akiwa ameshiba. Alifunga akimenya mihogo. Alifunga kwenye foleni ya bomba, askari wakipita na bunduki zao wakitafuta cha kutoza ushuru, na hakuna aliyejua kwamba mama yule mwenye ndoo ya njano yuko kazini. Alifunga wakati wa Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa, iliyo ndefu, na alimaliza mara thelathini kabla Yesu hajaanguka mara ya tatu. Mungu amsamehe, lakini hajawahi kuipenda ibada ile kama mwaka ule.

Wiki ya tatu alikohoa moshi wa jikoni, akajipapasa, akakuta pakavu. Hakumwambia mtu. Wiki ya nne aliinua gunia bila kujiandaa, mkojo ukamlowanisha hadi kwenye vifundo vya miguu, akalia nyuma ya nyumba. Joyeuse alimwuliza jambo moja tu: "Ulifunga mbele ya kuinua, ao kisha?" Alikuwa amefunga baadaye. Akapangusa macho, akaendelea.

Shida ikaja kutoka kitandani. Alfajiri moja Maliro alifumbua macho akamkuta mkewe amelala chali, magoti juu, akinong'ona: "Funga... mbili, tatu, ine... achia." Katika miji yetu neno hilo lina nyumba nyingine ya giza: kuna watu hufunga mwanamume asiwe na nguvu, na wengine hufunga mkono wa mteja asinunue. Na Maliro hakuwa amepata suti hata moja ya kushona tangu Noeli. Vita ndivyo vilivyomfukuzia wateja, mtoto mdogo angemweleza hivyo, lakini hofu haiulizi watoto. Kabla ya chai alikuwa ameshafika kwa dada yake.

Mbambu hakupoteza muda. Alituma neno Butembo, na Jumamosi kabla ya Matawi mzee Kambere alishuka kwenye lori la mbao na fimbo yake, akaketi sebuleni, akaagiza mlango ufungwe. Joyeuse naye aliitwa. Alikuja na mfuko wake wa nguo begani, tayari umefungwa, kwa maana alikuwa ameshajifunza kuondoka.

"Muke wa ndugu yangu," Kambere alianza, "banasema unafunga mutu."

"Nafunga, baba. Ndiyo."

Mbambu alijipiga kofi mapajani. "Mumesikia! Na kinywa yake mwenyewe!"

"Unafunga nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Huyu mukimbizi njo alimufundisha!" Mbambu alisema. "Tulimupa chumba, anatulipa na bulozi. Aende leo. Na kaka yangu afunguliwe."

Kasika aliutazama ule mfuko begani mwa Joyeuse, kamba zake zilivyofungwa vizuri, na kitu kikapanda kifuani mwake ambacho hakikuwa haya wala hofu. Kilikuwa hasira, na kilimpendeza.

"Tua hiyo saki chini, Joyeuse. Haukuiba kitu." Kisha akasimama. "Nitasema, na mutu asinikatishe. Mukojo inanitoka. Nikicheka inatoka, nikikohoa inatoka. Imenitoka mu misa, imenitoka mu marché nikinunua samaki, na nyinyi bote munajua, juu mulinikatia bâche. Mulikata, hamukuniuliza kitu. Huyu aliniuliza. Njia yenye nafunga ni ya mukojo, jirani na ile yenye batoto tisa ba hii nyumba balipitia. Siko namufunga bwana yangu. Yeye mwenyewe anajifunga kinywa, hana lazima ya mulozi."

Maneno kama hayo hayakuwahi kusemwa sebuleni mle tangu nyumba ijengwe. Kambere aliikagua fimbo yake kama anayetaka kuinunua.

"Na hiyo nyama," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "banamuke tu njo biko nayo?"

"Hata banaume, muzee," Joyeuse alijibu. "Ni ile inazuia upepo. Ukiikaza kila siku, hata safari za usiku zinaweza kupunguka."

Kambere, ambaye kila usiku alikwenda nyuma ya nyumba mara nne, aliketi wima zaidi kidogo. Maliro akapandisha nyusi. Mimi naamini dakika ile kila mtu mle ndani alikuwa anafunga.

Mbambu peke yake hakutaka kushindwa.

"Vizuri. Basi amepona? Akohoe! Akohoe hapa mbele yetu, mara tatu, kwa nguvu. Akibakia mukavu, aikale pa mama ku Butembo. Akilowana, miye nitaikala."

Wote wakamgeukia Kasika. Na Kasika alijua anaweza. Wiki ile alikuwa amekohoa mara nyingi na kubaki mkavu. Angefunga kwanza, angekohoa mara tatu, mambo yangekwisha. Joyeuse alimpa ishara kwa kichwa: kohoa, mama.

"Hapana," alisema Kasika.

"Anaogopa!"

"Siogope. Mais sikohoi. Nikikohoa leo, kesho utaniambia niruke, na kesho kutwa utaniinua kitenge. Siku Faraja alizaliwa nilikuwa nalowana na damu, na maji, na jasho, na hakuna mutu aliniuliza kama niko mukavu. Ile kiti haiko ya mutu mukavu. Iko ya mutu alizaa. Nikilowana, nitaikala na kulowana yangu."

Alikwenda kwenye kiti chake, akang'oa kile kipande cha turubai, akampa Joyeuse. "Dirisha yako inapitisha mvua. Weka hii pale."

Kambere akamgeukia mdogo wake. "Maliro. Ni bibi yako. Sema."

Maliro aliitazama mikono yake, iliyoshona nusu ya suti za Bungulu.

"Ile bâche, miye njo niliikata," alisema. "Na nilikata vibaya."

Kwa mwanamume mwingine yangekuwa maneno machache. Kwa fundi, kukiri mbele ya kaka yake kwamba alikata vibaya si kitu kidogo, na Kasika alilielewa hilo, ingawa hakumsamehe siku ileile.

"Donc, basi," Kambere alisema, "mama ya mutoto ataikala pa mama."

"Tutaona ku Butembo," alisema Mbambu.

Butembo kulikuwa na baridi, na baridi si rafiki wa kibofu. Lori lilikuwa limesimamishwa vizuizini mara tatu njiani, askari wakipekua hadi sufuria, na Kasika alifika amechoka. Hata hivyo aliketi mbele, kwenye mkeka wa heshima uliotandikwa juu ya benchi, kitenge chake kipya cha rangi ya dhahabu kimekunjwa vizuri. Wasemaji wa pande mbili walianza kurushiana maneno. Mbuzi waliingizwa, wakahesabiwa, mmoja akakataliwa kwa kuchechemea, akaletwa mwingine. Kasika alikwenda chooni mara moja, akarudi. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alifunga, akaachia, akafunga. Mbambu alikuwa ameketi nyuma yake hatua moja, naye kazi yake siku ile ilikuwa kutazama.

Saa ya nne msemaji wa kina Ésaïe, mtu mfupi mwenye kofia, alianza kueleza jinsi kijana wao alivyomwona Faraja mara ya kwanza: alikuwa juu ya baiskeli na mkungu wa ndizi, akageuza shingo kumtazama, akaingia moja kwa moja katika karamu ya watu wa msibani, ndizi na yeye. Alimwigiza. Akamwigiza pia mama mmoja wa msibani. Uwanja mzima ukaangua kicheko, Faraja akafunika uso kwa mikono, na Kasika akatambua kwamba hapo ana mawili: kufunga, au kucheka siku ya mwanawe.

Akacheka. Alicheka kwa tumbo lote, akiwa ametupa kichwa nyuma, na akasikia joto likiteremka.

Halikuwa kama zamani. Zamani lingejaza benchi. Sasa lilikuwa na upana wa kiganja. Lakini kitenge cha dhahabu hakifichi kitu, na wakati huohuo, kana kwamba alikuwa amengoja, msemaji alivua kofia akaita:

"Mbuzi ya mama! Mama mwenye alibeba hii tumbo, asimame, tumuone!"

Mkono wa Mbambu ulikuwa tayari begani mwake, na kanga imekunjuliwa. Safari hii hakutabasamu. Huenda hata alikuwa na huruma. "Bakia kuikala," alinong'ona. "Jifunike. Nitapokea miye, hakuna mutu atajua."

Kasika aliutazama mkono ule. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameondoa viganja usoni na kuona kila kitu, na macho yake yamejaa machozi kwa ajili ya mama.

Akasimama. Alitembea hadi katikati ya uwanja, mgongo wake ukielekea watu mia mbili, na mnong'ono ukaanza benchi hadi benchi. Aliichukua kamba ya mbuzi, akaizungushia kiganjani mara mbili, kisha akageuka.

"Bakwe, wasingya, aksanti," alisema. "Mbuzi nimeipokea. Na kitenge yangu imelowana, musijisumbue kunongona. Nilizaa tisa. Vyote viwili, mbuzi na hii maji, binanifikia juu ya ileile kazi."

Msemaji alikuwa na kofia mkononi, hajui aivae au aishike. Ndipo kutoka upande wa wakwe, kwenye safu ya wanawake wazee, akainuka bibi mzaa baba wa Ésaïe, mdogo wa umbo, amepinda, anategemea bega la jirani yake. Alinyoosha kidole kwa Kasika.

"Hata miye!" akapaza sauti. "Miaka kumi na mbili sasa! Na hakuna mutu amenipa mbuzi!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha wanawake peke yao. Kilianzia safu ya nyuma kikaja mbele, na mmoja baada ya mwingine wakainuka, wengine wakishika vitenge vyao kwa mikono miwili, wakipiga vigelegele, huku wanaume wakitazama miguu yao. Kasika akamvuta mbuzi wake kupita katikati yao, polepole, na hakujifunika.